Jinsi Wimbo wa 1992 Ulivyoishinda The X Factor Mwaka 2009

Wengi wetu tunaokaa na tarakilishi mchana kutwa hatujali sana muziki wa chati, na mimi ni mmoja wao. Lakini kuna kisa kimoja cha muziki wa Uingereza ambacho kila nikikirudia naona ni kisa cha programu. Kuna mfumo unaohesabu. Kuna kanuni inayosema kitu gani kihesabiwe na kitu gani kiachwe. Halafu kanuni inabadilishwa, watu wengi hawaoni tofauti yoyote, na karibu miaka mitatu baadaye mume na mke wasio na kampuni wala bajeti ya matangazo wanaingia kupitia mlango uleule na kuishinda runinga kubwa kuliko zote nchini humo. Nataka kukieleza kisa hiki polepole, maana mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya hasira ya mashabiki wa roki, na mimi naona hasira ilikuwa na kazi ndogo sana.

Kwanza tuiangalie chati yenyewe. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la muziki la New Musical Express, ambalo wengi hulijua kama NME, lilichapisha orodha ya kwanza ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Mtu aliyeitengeneza, Percy Dickins, alichukua simu akapigia maduka kama 20 hivi, akauliza kila moja ni santuri zipi zimetoka zaidi wiki hiyo, akajumlisha. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa hifadhidata! Namba moja akawa Al Martino. Miaka ikapita, kazi ikahamia kwa kampuni za utafiti, na mwaka 1983 kampuni ya Gallup ikaanza kuweka mashine dukani zinazorekodi mauzo na kuyatuma kwa njia ya simu badala ya vitabu vya kujazwa kwa mkono.

Sasa msomaji, kama umewahi kuandika programu yoyote inayopokea data kutoka nje, unajua tatizo liko wapi. Ukihesabu maduka machache tu, mwenye kuyajua maduka hayo anaweza kukuongopea bila kusema uongo. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba baadhi ya kampuni za muziki zilituma watu kwenye maduka yanayoripoti wakanunue santuri za wasanii wao wenyewe, au ziliwapa wenye maduka zawadi na santuri za bure. Usisahau jambo hili tunapoendelea. Kununua wimbo si kwa sababu unautaka bali kwa sababu unataka namba ipande, huo haukuwa uvumbuzi wa vijana wa Facebook. Ni ujanja wa zamani, ila ulikuwa wa wenye mali.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba chati haipimi wimbo unaopendwa zaidi. Inapima wimbo uliouzwa zaidi ndani ya siku saba. Wakati huo wiki ya chati ilianza Jumapili na kufungwa Jumamosi usiku, hesabu ikarudi sifuri, mchezo ukaanza upya. Wimbo ukiuza nakala laki tano kwa mwaka mzima, kidogo kidogo, unaweza usifike hata kumi bora. Ukiuza laki moja kwa wiki moja unaweza kuwa namba moja. Anayeweza kuwakusanya wanunuzi wote katika wiki moja ndiye mshindi.

Na hapo ndipo runinga ilipoingia. Mwaka 2002 shindano la Pop Idol lilimtoa Will Young, na wimbo wake wa kwanza ukauza nakala zaidi ya milioni moja katika wiki yake ya kwanza. Milioni moja kwa wiki, kijana ambaye mwaka mmoja kabla hakuna aliyemjua. Desemba mwaka huohuo kundi la Girls Aloud, lililoundwa kwenye shindano jingine liitwalo Popstars: The Rivals, likachukua namba moja ya Krismasi. Wapangaji wa vipindi waliliona jambo hili vizuri sana.

Labda nieleze kidogo kuhusu hiyo namba moja ya Krismasi, maana kwetu haina maana yoyote. Kwa Waingereza, wimbo unaoongoza chati wiki ya Krismasi ni kitu cha kubishaniwa nyumbani na kuwekewa dau kwenye maduka ya kamari. Wiki hiyo watu hununua muziki kuliko wiki nyingine, na mshindi hukumbukwa. Kwa miaka mingi haikuwezekana kutabiri nani atashinda: mara The Beatles, mara Queen, mara wimbo wa kuchekesha wa watoto.

The X Factor, kipindi cha Simon Cowell kilichoanza 2004 kwenye ITV, kilimaliza ubishi huo. Fainali iliwekwa katikati ya Desemba. Wimbo wa mshindi ulikuwa umerekodiwa mapema, ukaanza kuuzwa mara tu jina lilipotangazwa, watazamaji wakiwa bado na msisimko wa kupiga kura. Shayne Ward akawa namba moja ya Krismasi 2005, Leona Lewis 2006, Leon Jackson 2007, Alexandra Burke 2008. Miaka minne mfululizo. Ilikuwa kama ratiba ya treni. Leona Lewis ana sauti ya ajabu, hilo hakuna anayebisha, lakini watu walichoka kujua jibu la swali kabla halijaulizwa.

Sasa twende kwenye kanuni, sehemu ninayoipenda.

Duka la iTunes lilifunguliwa Uingereza mwaka 2004, na Septemba mwaka huo ikaanzishwa chati ya pembeni ya nyimbo zinazopakuliwa. Aprili 2005 nyimbo za kupakua zikaruhusiwa kuhesabiwa kwenye chati kuu, lakini kwa sharti: lazima wimbo huo uwe unauzwa pia dukani kama CD au santuri. Wenye maduka walikuwa na hofu ya kufilisika, na sharti hilo lilikuwa la kuwalinda. Machi 2006 likalegezwa, wimbo ukaruhusiwa kuhesabiwa wiki moja kabla CD yake haijafika dukani, na mwezi uliofuata Gnarls Barkley wakawa wa kwanza kufika namba moja kwa kupakuliwa peke yake, kwa wimbo Crazy. Huo ulikaa kileleni wiki tisa. Halafu CD ikaondolewa madukani, na kwa kuwa kanuni ilisema wimbo usio na nakala ya kushikika unahesabiwa majuma mawili tu zaidi, Crazy ukatoweka kwenye chati ukiwa bado kwenye tano bora. Watu walikuwa bado wanaununua kila siku! Ni kama seva inapokea maombi lakini programu inayatupa kwa sababu sehemu moja ya fomu iko tupu.

Tarehe 1 Januari 2007 sharti likaondolewa kabisa. Tangu siku hiyo, wimbo wowote unaoweza kupakuliwa kihalali ukawa unahesabiwa, uwe wa leo au wa miaka 40 iliyopita, uwe na CD au usiwe nayo. Wiki chache tu baadaye bendi ya Koopa, iliyokuwa haina mkataba na kampuni yoyote, ikaingia arobaini bora. Magazeti yaliandika habari hiyo kama maajabu kidogo, kisha yakaendelea na mambo mengine.

Hebu fikiria maana ya badiliko hilo. Kabla yake, ili wimbo wa zamani urudi kwenye chati, kampuni ilibidi iamue kuuchapisha upya, kuusafirisha, kuupanga madukani. Uamuzi ulikuwa wa kampuni. Baada yake, katalogi nzima ya muziki uliowahi kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni ikawa mgombea kila wiki, na aliyeamua ni mwenye peni 79 na muunganisho wa intaneti. Ule ujanja wa zamani wa kununua kwa makusudi ukashuka kutoka kwa wenye mali hadi kwa kila mtu. Kilichokosekana ni njia ya kuwakusanya watu katika wiki moja, na hiyo ilikuwa inajengwa Marekani kwa jina la Facebook.

Jaribio la kwanza lilikuwa Krismasi ya 2008. Alexandra Burke aliimba Hallelujah, wimbo wa Leonard Cohen wa mwaka 1984, na wapenzi wa toleo la Jeff Buckley la 1994 wakaona ni kama mtu amepaka rangi kaburi la mzazi wao. Wakahamasishana kununua la Buckley. Burke aliuza nakala kama 576,000 wiki ya kwanza, akawaacha mbali, lakini Buckley alifika namba mbili, naye Cohen mwenyewe akaingia namba 36. Wimbo mmoja kushika namba moja na namba mbili kwa waimbaji tofauti, jambo hilo halikuwa limetokea Uingereza tangu 1957.

Mwaka huohuo, mume na mke wa jimbo la Essex, Jon na Tracy Morter, walijaribu lao. Wao walichagua wimbo wa Rick Astley wa 1987, ule ambao watu wa mtandaoni walikuwa wakitegana nao. Ukafika namba 73. Ilikuwa mzaha, lakini waliona mashine inaitika.

Desemba 2009 wakarudi. Safari hii walichagua Killing in the Name, wa bendi ya Los Angeles iitwayo Rage Against the Machine, uliotoka 1992. Ni vigumu kupata wimbo ulio mbali zaidi na Krismasi. Unahusu ubaguzi wa rangi ndani ya polisi, na mwisho wake mwimbaji anarudia tena na tena, kwa tusi zito, kwamba hatafanya anachoambiwa. Mwaka 1993 uliwahi kufika namba 25 Uingereza, na siku moja BBC Radio 1 iliupiga bila kuukata katika hesabu ya chati, malalamiko yakapita mia. Kwa kampeni ya kukataa kuambiwa wimbo gani uwe namba moja, kiitikio hicho kilikuwa tangazo tosha.

Mshindi wa The X Factor mwaka huo alikuwa Joe McElderry, kijana wa miaka 18 kutoka South Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Wimbo wake ulikuwa The Climb, ambao Miley Cyrus alikuwa ameutoa mapema mwaka huohuo. Fainali iliisha Jumapili tarehe 13 Desemba, na wiki ya chati ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Kikundi cha Facebook cha kampeni kilikaribia watu milioni moja. Simon Cowell akasema kampeni ni ya kijinga na inamwonea kijana. Kila aliposema, habari ikaenea zaidi.

Mwanzoni mwa wiki Rage Against the Machine waliongoza kwa tofauti kubwa. Kisha katikati ya wiki CD ya McElderry ikafika madukani, na bibi na babu wasiopakua kitu wakaanza kuinunua pamoja na vyakula vya sikukuu. Pengo likapungua kila siku. Alhamisi tarehe 17 bendi ilipiga wimbo moja kwa moja kwenye BBC Radio 5 Live. Waliombwa waruke lile tusi, wakaanza kwa adabu, ulipofika mwisho mwimbaji Zack de la Rocha akalitoa lote, na watangazaji wakalazimika kukata matangazo na kuomba radhi. Nina shaka kama aliyewaalika alikuwa ameusikiliza wimbo wenyewe hadi mwisho.

Jumapili tarehe 20 Desemba matokeo yakatangazwa. Rage Against the Machine: 502,672. Joe McElderry: 450,838. Tofauti ni nakala 51,834. Na zile laki tano zote za washindi zilikuwa za kupakua, hakuna hata CD moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wimbo wa aina hiyo kuwa namba moja ya Krismasi. Kwa kanuni ya 2005, wimbo uleule, wenye wanunuzi walewale, ungepata sifuri.

Haya, sasa pingamizi ambalo husikika kila mara. Bendi ile ilikuwa chini ya Epic, na Epic ni ya Sony. McElderry alikuwa chini ya Syco ya Simon Cowell, na Syco nayo ilikuwa na Sony. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyohivyo kwa Burke, Buckley na Cohen. Kwa hiyo, wanasema wenye busara, watu walidhani wanaipiga mashine kumbe wanaitia mafuta. Sony iliuza karibu nakala milioni moja za nyimbo mbili badala ya nusu milioni ya mmoja.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini naona inajibu swali ambalo akina Morter hawakuliuliza. Kampeni haikusema Sony isipate pesa. Ilisema ITV na Cowell wasiwe ndio wanaoamua wimbo gani Waingereza wausikie Krismasi. Hilo lilifanikiwa, kwa gharama ya chini ya pauni moja kwa kila mtu. Tena waliongeza jambo jingine: waliwaomba wanaonunua wachangie Shelter, shirika linalosaidia watu wasio na makazi, na makumi ya maelfu ya pauni yakapatikana. Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi, naye akaahidi kutoa mapato yake ya bahati hiyo kwa hisani. Sony haikuwahi kupanga hayo.

Kinachonisumbua zaidi ni McElderry. Hakuchagua wimbo, hakupanga tarehe, hakuanzisha kipindi. Alikuwa na miaka 18, akaimba vizuri, na wiki iliyopaswa kuwa yake ikawa wiki ya nusu milioni ya watu kumkataa bila kumjua. Wiki iliyofuata wimbo wake ulipanda namba moja, ila nani anakumbuka namba moja ya wiki baada ya Krismasi? Waandaaji wa kampeni walisisitiza hawana ugomvi naye, na nawaamini, lakini chati haina safu ya kuandika nia yako. Ukimnunua huyu umempunguzia yule. Baadaye alishinda shindano la Popstar to Operastar mwaka 2011, na kazi yake ikaendelea kivyake.

Wengine wameniuliza kwa nini jambo kama hili halikutokea kwetu. Tulikuwa na Tusker Project Fame tangu 2006, mwaka ambao Valerie Kimani alishinda, na watu walipiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu. Lakini kura iliishia ndani ya kipindi. Hapakuwa na hesabu moja ya mauzo ya nyimbo kila wiki, inayoaminiwa na nchi nzima, ambayo mtu wa nje angeweza kuilenga. Huwezi kuvamia kaunta isiyokuwepo.

Bendi ilitimiza ahadi yake ya kuwashukuru Waingereza: Juni 2010 wakapiga tamasha la bure Finsbury Park, London, mbele ya maelfu ya watu. Desemba yake kila mtu akataka kuiga. Kikundi kimoja kilichojiita Cage Against the Machine kilisukuma kazi ya John Cage ambayo mwanamuziki hapigi noti hata moja kwa dakika nne na sekunde 33. Kimya kikafika namba 21! Wengine wakanunua Surfin' Bird wa The Trashmen, ukafika namba tatu. Wengine wakanunua wimbo wa asili wa Biffy Clyro ambao mshindi Matt Cardle aliurudia. Kura ziligawanyika hivyo, na Cardle akapita bila shida. Mwaka 2011 wimbo wa Nirvana uliosukumwa uliishia namba 11.

Lakini The X Factor nayo ilikuwa imejifunza. Mwaka 2011 wimbo wa Little Mix ulitolewa wiki moja mapema, ukaongoza wiki hiyo, na Krismasi yenyewe ikachukuliwa na kwaya ya wake wa wanajeshi. Mwaka 2012 James Arthur alishindwa na rekodi ya kuchangia familia za waliokufa Hillsborough. Washindi wa shindano wakarudi kileleni 2013 na 2014.

Kisha kanuni ikabadilika tena. Julai 2014 kusikiliza mtandaoni kukaanza kuhesabiwa, mara 100 zikiwa sawa na kununua mara moja. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mnunuzi aliyebaki alipewa uzito mkubwa, na walioligundua hilo walilitumia: LadBaby, mume na mke waliojulikana kwa video za mtandaoni, walichukua namba moja ya Krismasi miaka mitano mfululizo, 2018 hadi 2022, kwa nyimbo za mzaha kuhusu vitumbua vya soseji, mapato yakienda kwa benki za chakula. Mwaka 2017 Ed Sheeran alijaza nyimbo 16 kati ya 20 bora kwa albamu moja, na miezi michache baadaye kanuni ikaandikwa upya: nyimbo tatu tu kwa kila msanii.

The X Factor ilitoa mshindi wake wa mwisho wa msimu wa kawaida mwaka 2018, Dalton Harris kutoka Jamaika. Wimbo wake ulifika namba nne.